Mzigo wa Kuiagia Ndege

Mimi ndiye niliyeshika mzani siku ndege kuukuu ilipoagwa Musoma, na mimi ndiye niliyemruhusu mama yangu apande. Nalisema mapema, maana nikichelewa nitaanza kuwachekesha watu.

Miaka ile sukari ilikuwa imeanza kurudi madukani, mitumba imejaa hadi soko la Manyamanyama, na vindege vya watu binafsi vinatua kwenye uwanja wetu wa changarawe vinang'aa kama sufuria mpya. Shirika letu la ndege likatangaza kwamba ndege yake ya zamani inastaafu. Kabla ya kuondoka ingezungusha watu bure: ipite juu ya Bunda, ikate kona Butiama, irudi. Kila mfanyakazi alipewa nafasi ya mzazi mmoja. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, karani wa mzani, niliitangaza safari ile mpaka nikasema malaika watahama njia.

Mama alitaka kitu kimoja tu: kuliona kaburi la baba, Butiama, akiwa juu.

Asubuhi hiyo fundi wa ndege, mzee wa makamo, aliniuliza, "Ng'ombe wa jembe akizeeka, kwenu mnamfanyaje?"

"Tunamfunguaga nira, mzee. Anakula majani mpaka basi."

"Siku ya kumfungua mnamlimisha kwanza?"

Nilicheka. Yeye alikuwa anaipapasa injini ya kushoto kama tumbo la mgonjwa.

Nikapima watu wote, nikaandika, nikasaini. Mama alikuwa mwepesi. Nikamtania kwamba upepo wa ziwani utamfikisha Butiama kabla ya ndege.

Kosa lilikuja baada ya saini. Kwetu anayeondoka hasindikizwi mikono mitupu, na ndege ile ilikuwa imetubebea wagonjwa na barua miaka mingi. Watu wakaanza kupenyeza zawadi kwenye uzio, abiria wakizipokea chini ya vitenge: michembe ya viazi vikavu, ndizi, dagaa, sato wakavu wa kulisha Dar nzima, majogoo.

"Mama, hivyo havikupimwa," nilimwambia mama yangu.

"Baba, utamuaga mgeni bila hata kiazi? Umesoma usiku ukasahau mchana?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Ndipo nikamwona mama akipanda ngazi. Mwanamke niliyempima muda si mrefu alikuwa na kiroba chini ya kitenge, anainua mguu kwa mikono miwili.

Mlango ukafungwa.

Ndege ikakimbia. Ikapita pale inapoinukaga kila siku, ikaendelea kukimbia. Vifijo vikakatika. Vumbi likaificha, na nikasikia mngurumo ukishuka badala ya kupanda. Ilipoonekana tena ilikuwa juu ya ziwa, chini mno, maji yakitetemeka nyuma yake.

Fundi hakunitazama. "Ulipima?"

"Nilipima, mzee."

Kikundi cha pili, watu wa Bunda, kilikuwa kimekaa juu ya viroba vyake kikisubiri zamu. Nilivitazama viroba, nikatazama mawingu, nikajikuta nazihesabu zawadi kwa vidole.

Ilirudi ikilia sauti moja. Pangaboi la kushoto lilikuwa limesimama. Ikagonga changarawe, ikayumba, ikatulia karibu kabisa na nyasi.

Mama alishuka wa mwisho, na kiroba chake.

"Umeliona kaburi?"

"Sijaangalia nje, baba. Nilikuwa naisikia inaguna."

Watu wa Bunda walikuwa wameshainuka. "Zamu yetu! Au sisi siyo watu?"

Rubani akaja na karatasi yangu, jasho likimdondoka juu ya saini. "Huu uzito ni wa kweli?"

Maisha yangu yote nimeongeza chumvi mpaka kwenye salamu. Siku hiyo nilitoa neno moja, kavu.

"Hapana."

Safari ya pili ikafutwa, na kazi yangu nayo. Mashirika yaliyo na ndege ya kustaafisha nayaambia: iageni ikiwa imesimama. Mama alikwenda akakiweka kiroba chake chini ya bawa la kushoto. Watu wa Bunda wakatazamana, wakabeba vyao, wakavipanga pembeni ya kile, na injini bado inatoa moshi.