Siku Fisi Maji Alipomgeukia Korongo

Saa tatu asubuhi, mbele ya ofisi ya wilaya ya Lührental, kamba ya mlingoti iko mikononi mwa mzima moto Onno Tietjen, na shemeji yake hatulii.

"Taratibu, Onno! Ukiipasua hiyo bendera nitakushona wewe!"

"Shemeji, umeshamaliza kushona. Sasa niache nivute."

Shemeji huyo, Gesine Tietjen, 53, ni fundi wa bendera. Karakana aliyoanzia kazi akiwa msichana ilikuwa na washonaji kumi na wanane. Leo wamebaki watatu. Ameshona bendera maelfu, lakini hii inayopanda sasa ndiyo ya kwanza kumkosesha usingizi.

Wilaya hii ilizaliwa mwaka 1977, serikali ilipounganisha ng'ambo mbili za mto Lühre: magharibi kwenye mabwawa ya mboji, iliyokuwa zamani mali ya askofu, na mashariki kwenye vilima vya mchanga na viazi, iliyotawaliwa na mwana wa mfalme. Nembo ikamchukua mnyama wa magharibi peke yake, fisi maji. Korongo wa mashariki akatupwa.

Gesine alizaliwa mashariki, akaolewa magharibi. Baba yake, Wübbo Lankenau, mkulima wa viazi mwenye miaka 84, hajapata kupandisha bendera ya wilaya shambani kwake.

Mwaka huu, hatimaye, madiwani walikubali nembo yenye wanyama wote wawili. Gesine alipomaliza kushona bendera ya kwanza yenye nembo hiyo, alimkimbizia baba yake. Kama ilivyo desturi ya nembo, wanyama wote walitazama upande wa mlingoti: fisi maji mbele, korongo nyuma.

Mzee akaikodolea macho. "Mwanangu, korongo wetu kawekwa hapo anuse makalio ya fisi maji?"

"Nilicheka, kisha nikalia," anasimulia Gesine. "Alisema kweli."

Akaenda kwa madiwani kuomba fisi maji ageuzwe. Ukumbi ukalipuka.

"Fisi maji wetu hageuki!" walifoka wa magharibi. Mmoja akamuuliza kama amesahau alikoolewa.

"Sijasahau," akajibu. "Nalala huku, mama yangu kazikwa kule. Nimgeuzie nani mgongo?"

Hoja ilipita kwa kura moja: ya Onno, ambaye pia ni diwani wa magharibi.

"Kwenye baa hakuna anayeninunulia bia tena," anasema Onno, akicheka.

Upepo unaikamata bendera, inafunguka pwaa! Fisi maji na korongo wanatazamana. Uwanja unalipuka kwa vifijo, matrekta yanapiga honi darajani. Mzee Wübbo, aliyevuka mto kwa trekta lake, anavua kofia.

"Haya," anamwambia binti yake. "Nishonee ya shambani. Kubwa, ionekane toka huku."

"Baba, kweli?"

"Usinifanye nirudie!"

Gesine anamkumbatia, lakini akili yake imeshafika mbali. Mwezi ujao atapokea wanagenzi wawili, mmoja kutoka kila ng'ambo, na mwakani wilaya itakapotimiza miaka hamsini anataka kulipamba daraja la Lühre kwa bendera za vijiji vyote.

"Vijiji arobaini na kimoja, kila kimoja na nembo yake!" anasema, macho yakimng'aa. "Nataka chuma cha lile daraja kisionekane hata kidogo."