Nilimpanda Mzee wa Watu Kibirizi

Jamani, aibu niliyoipata Kibirizi hata mama yangu mzazi sijamsimulia yote, lakini ninyi ni wenzangu, na afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wale wauza dagaa, maana wao wanaongeza chumvi.

Siku hiyo nilikuwa nakwenda Mwamgongo, ukweni, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Zuhura. Nimetoka Gungu na suti (ya kuazima, basi hata hilo niseme), mkononi mfuko wa sukari na vitenge vya mama mkwe, na bodaboda aliyenileta akanitazama juu mpaka chini akasema, "Leo wewe ni bwana mkubwa, usiongee ongee na kila mtu, utajishushia." Mimi huwa nasalimia watu, mnanijua, ila nikaona kwa siku moja tu ngoja nikaze shingo.

Sasa pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, boti haifiki nchi kavu, kuna vijana wanabeba abiria mgongoni hadi kwenye boti wasilowe. Mmoja akanifuata na salamu ya Kiha, "Bosi, mwakeye! Habari za nyumbani?" Nikampita kama nguzo ya umeme. Hapohapo Zuhura anapiga simu, uko wapi, baba anakuulizia, na boti nayo inaunguruma, na mbele yangu namwona mwanamume kasimama majini kanipa mgongo, suruali kaikunja hadi magotini. Nikasema huyu hapa. Sikusema hujambo, sikusema shikamoo, simu ikiwa sikioni nikamshika mabega, nikapanda.

"Weee! Nani huyu? Shuka!"

Kumbe hakuwa mbebaji! Alikuwa abiria kama mimi, mzee mwenye mvi zake (ningemsalimia ningeziona), anasubiri mkewe apandishwe kwanza. Akayumba huku, akayumba kule, na mimi badala ya kushuka nikazidi kumkaba, tukaenda wote chini, chubwi! Suti, simu, vitenge, vyote majini, na sukari ya mama mkwe ikayeyuka nikiiangalia.

Boti nzima ilicheka. Mama mmoja muuza dagaa akapaza sauti, "Baba, ungemsalimia tu angekwambia hiyo siyo kazi yake!"

Aliyekuja kunivuta ni yuleyule kijana niliyempita. Mzee alikuwa kashasimama, anakamua kofia. Nikapiga magoti humohumo majini.

"Shikamoo mzee. Nisamehe sana."

"Marahaba," akasema, ananitazama. "Sasa si ungeanza na hiyo?" Halafu akacheka, nami nikapumua.

Nikamgeukia kijana, macho chini. "Habari yako, kaka?"

"Njema, bosi. Za majini?"

Anaitwa Bahati. Alinibeba hadi kwenye boti, akarudi mbio kuniletea suruali yake kavu na jezi aliyokuwa arudi nayo nyumbani. Nilitaka kulia. Njia nzima nilikaa karibu na yule mzee na mkewe, tukaongea habari za watoto na mihogo kama watu waliojuana siku nyingi, ila moyoni najiuliza ukweni nitasema nini.

Mwamgongo, baba yake Zuhura yuko ufukweni na ndugu zake. Akaniangalia jezi, akaangalia mikono yangu mitupu. "Tuliambiwa anakuja mkwe mwenye suti."

Kabla sijajibu, yule mzee niliyempanda akashuka botini. "Ndiye huyu. Kanipanda mgongoni kama punda." (Nikajua nimekwisha.) "Lakini kaniomba radhi kwa magoti mbele ya boti nzima, na hakuna aliyemsukuma."

Baba mkwe akaiangalia tena ile jezi. Mwishowe akanipa mkono. "Anayejua kuomba radhi hadharani, nyumbani hatatusumbua. Karibu, mwanangu." Zuhura nyuma yake kajifunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Harusi ni baada ya mavuno, na Bahati, pamoja na yule mzee na mkewe, wamo kwenye waalikwa. Mimi sasa awe mlinzi, awe mfagiaji, awe anayenimiminia chai, naanza na salamu, kisha nasubiri ajibu. Akichelewa kujibu namsubiri, sina tena haraka ya kumpanda mtu.