Mabomba ya Kamati Ndogo

Jaafar Chirau alikuwa fundi wa mabomba. Kutwa alishinda hotelini Diani akihangaikia maji ya wageni: bwawa limepungua, bafu linatoa maji ya uvuguvugu, mzungu amenuna. Jioni alirudi Magandini, kijiji kilichoko nyuma ya Msambweni, akaoga kwa kopo. Maji ya kopo hilo mkewe Fauzia aliyapanga foleni kisimani tangu alfajiri, na yalikuwa na ladha ya chumvi na ya chura.

Si kwamba Magandini hapakuwa na mradi wa maji. Ulikuwapo, tena umefunguliwa mara tatu. Wiki mbili kabla ya uchaguzi wa 2022 lori lilimwaga mabomba ya plastiki ya kijivu, mapana kama paja la mtu mzima, kando ya njia ya msikitini. Mwakilishi wadi alikata utepe, akapata kura, akapotea. Mwaka uliofuata alirudi na utepe mwingine. Wa tatu aliukata mbele ya wafadhili, nao wakapiga makofi kwa adabu kama watu waliokwisha kuahidiwa chakula cha mchana. Mabomba yenyewe yalilala pale pale miezi na miezi, na kuku walitaga ndani yake.

Jaafar alikuwa na bendi. Ilikuwa ya watu watatu, wakaiita Kamati Ndogo kwa kuwa, walisema, nchi hii hakuna jambo lisiloanza na kufa katika kamati ndogo. Hesbon, mhudumu wa baa ya hoteli, alipiga gitaa la umeme. Mwimbaji alikuwa Kavenya, binti wa Kikamba aliyezaliwa kwenye skimu ya mashamba huko juu, mwenye sauti ya kukereza bati. Walipiga roki kwa spika moja iliyopasuka. Ngoma hawakuwa nazo, ndipo Jaafar akachukua mabomba saba ya mradi, akayakata kwa vimo mbalimbali, akayafunga kwenye fremu ya mbao na kuyapiga midomoni kwa soli ya ndara. Yalitoa mlio wa tumbo la mtu mwenye njaa. Wimbo wao mkubwa ulikwenda hivi:

*Bomba limelala, msiliamshe,*
*limechoka na safari za makaratasi.*
*Kwenye ramani tuna mto,*
*kwenye mtungi tuna mjusi.*

Walipoupiga kwenye uwanja wa mpira, Bi Kache muuza mahamri alicheka hadi akakaa chini. Wiki haikuisha wimbo ukawa kwenye simu za Ukunda nzima.

Sasa, kwa Wadigo wa huku mtu akiimbwa hakasiriki. Ngoma za kusemana zimekuwako tangu mababu, na anayekasirika huchekwa mara mbili. Mwakilishi wadi alilijua hilo. Jumapili alikuja uwanjani na kofia yake, akacheza, akatikisa mabega, akasema vijana wana vipaji. Kisha akazisogelea zile ngoma, akazigonga kwa kidole.

"Na hizi mmezipata wapi?"

Jaafar angeweza kusema Kongowea sokoni. Lakini fundi akisifiwa kazi yake hupoteza akili, na watu walikuwa wanamtazama.

"Ni zako, mheshimiwa. Angalau kwetu zimetoa kitu."

Uwanja mzima ulicheka, na mheshimiwa alicheka pamoja nao.

Jumatano polisi walimchukua, pamoja na ngoma zake na msumeno wake. Kosa halikuwa wimbo, kwani wimbo nani angeushtaki? Kosa lilikuwa kuharibu na kuiba mali ya umma. Siku mbili baadaye mwakilishi wadi aliita baraza.

"Miaka yote mnaniuliza maji yako wapi," alisema kwa huruma. "Mimi nikanyamaza, sikutaka kumvunjia mtu heshima. Sasa mmeona wenyewe. Mnaishi na mwizi."

Watu waliokuwa wamechoka kungoja maji wakapewa wa kumlaumu, na wa kumlaumu huja upesi kuliko bomba. Jaafar alipotoka kwa dhamana ya mjomba wake, alimkuta Fauzia amekaa kibarazani kwao na mitungi mitupu. Kila alipofika kisimani, wanawake walikuwa wakiusogeza mtungi wake mwisho wa foleni, bila kusema neno.

Na hapa ndipo pana uchafu wa habari hii. Mabomba yaliyoshushwa na lori yalikuwa mia na ishirini. Kamati Ndogo ilichukua saba. Yaliyosalia, moja baada ya jingine, yalikuwa yamehamia juu ya nyumba za Magandini, yamepasuliwa katikati na kufanywa gata za kukinga maji ya mvua. Bi Kache alikuwa nayo matatu. Magoli ya uwanja yalikuwa mabomba. Hata msikiti wa Maalim Swabir, aliyemsomesha Jaafar Kurani, ulijazia tangi lake la udhu kwa gata hizo. Aliyezipasua zote na kuzifunga, bure, kwa sababu ni majirani, ni nani? Ni fundi Jaafar.

Kesi ilipokaribia, gata zilishuka. Nyingine zilizikwa nyuma ya vyoo, nyingine zilifunikwa kwa makuti. Paa za Magandini zikabaki kama midomo iliyong'olewa meno.

"Wataje," Fauzia alimwambia. "Nyumba kwa nyumba. Hakimu akisikia ni kijiji kizima na mabomba yalitupwa miaka, hakufungi."

"Nimtaje Maalim?"

"Maalim kwanza."

"Hawatanyamaza, Fauzia. Mmoja atasimama. Akisimama mmoja akasema yalikuwa yametupwa, yatosha."

"Na asiposimama?"

Kavenya naye alikuja na lake: "Buda, nitunge wimbo wa gata. Niwachome wote, msikiti ndani." Jaafar alimkatalia. Hesbon hakuja kabisa. Meneja wake alikuwa amemwita pembeni, na siku hizi anawapigia wageni nyimbo za siku ya kuzaliwa.

Kortini watu wa Magandini walijaza viti, wamevaa kama siku ya Idi. Mabomba saba yalilazwa mezani, yamefungwa vitambulisho vya vielelezo.

"Ulikuwa peke yako?" hakimu aliuliza.

Jaafar aligeuka nyuma. Maalim Swabir alikuwa anatazama vidole vyake vikivuta tasbihi. Bi Kache alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba. Jaafar alingoja mpaka karani akakohoa.

"Peke yangu."

Alipewa kifungo cha nje, miezi mitatu, kazi akachimbe mtaro wa mradi wa maji wa Magandini. Ndiyo mara ya kwanza mradi huo kupata jembe. Wiki ya pili mwakilishi wadi alikuja na mpiga picha, akakata utepe wa nne ukingoni mwa mtaro, na Jaafar aliambiwa asimame nyuma ya gari asiharibu picha. Hotelini kazi yake ilikwisha kupewa mwingine. Watu walipopita mtaroni waliangalia upande wa minazi. Kijiji alichokisitiri kilimchukia kwa sababu alikuwa anajua.

Ijumaa moja khutuba ilikuwa juu ya amana. Maalim Swabir alieleza vizuri sana jinsi mali ya umma itakavyomning'inia mwizi shingoni siku ya kiyama. Jaafar alikaa safu ya mwisho, viganja vimechubuka, akasikiliza mpaka mwisho.

Kesho yake Maalim alikuja mtaroni.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mvua za masika zimekaribia. Tangi la udhu ni kavu. Zile... zile za paa tumezihifadhi. Uje uzifunge tena, thawabu yako kwa Mungu."

Jaafar alikwenda alasiri. Alikuta watu wamejipanga uani mwa msikiti, kila mmoja na kipande chake kimejaa udongo, kama wafu waliofukuliwa. Bi Kache alikuwa wa kwanza.

"Changu kwanza baba, nina mgonjwa."

Jaafar alikipokea, akakipangusa kwa kiganja. "Hiki umekitoa wapi, mama?"

"Wewe si unakijua."

"Nataka unijibu wewe. Wasikie."

Bi Kache alimtazama Maalim.

"Ya nini hayo tena," Maalim alisema taratibu. "Yamekwisha."

"Mmoja tu," Jaafar alisema. "Aseme yalikuwa yametupwa njiani. Nitafunga zote, mpaka usiku."

Mtoto mmoja alikohoa. Mwanamume mmoja alihamisha kipande chake kutoka bega hili hadi lile. Jaafar alingoja. Alikuwa amezoea kungoja watu hawa. Kisha alikilaza kipande cha Bi Kache ukutani, polepole kisipasuke, akaubeba mfuko wake wa vifaa na kutoka.

"Ana kiburi," mtu alisema nyuma yake. "Mwizi huyo."

Mvua ilinyesha Jumanne, kubwa, siku mbili mfululizo. Watu waliikinga kwa sufuria.