Sanduku la Mashine ya Kopi

Zamani barua ya ofisini ilikuwa na chumba cha kulala na mtu wa kuilaza. Siku hizi iko winguni, na ukiuliza mlango wa wingu uko wapi unaambiwa utume ombi.

Nasema haya kwa sababu ya shemeji yangu, mume wa marehemu mdogo wangu. Kazini walimwita Fundi Feni, na sidhani kama watu kumi pale walilijua jina lake lingine. Alikuwa mtunza seva, yaani zile mashine mbili zilizopokea, kutuma na kuhifadhi barua pepe zote za kampuni. Ukimwambia barua zako haziingii, hakukimbilia kioo cha kompyuta. Aliingia chumbani kwake, akazima redio, akasikiliza feni za mashine, kisha akatoka na jibu.

"Doto anakoroma," alikuwa akisema. "Diski ya tatu imechoka. Nipeni nusu saa."

Alizipa mashine zake majina ya pacha, Kurwa na Doto, kwa kuwa zilinunuliwa siku moja na hazikuwahi kugombana. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya tatu, hakina dirisha, kina kipoza hewa kilichodondosha maji kwenye ndoo, na juu ya mlango kibao alichokiandika kwa mkono wake: KITU CHA OFISI HULALA OFISINI. Hakuwa akiwatisha wengine. Siku moja alifika nyumbani akakuta bisibisi ya kazini mfukoni, akavaa viatu tena, akairudisha kwa miguu, mvua inanyesha.

Mimi nilikuwa karani wa masjala, chumba cha pili kutoka chake, kwa miaka thelathini na moja. Shule niliiacha darasa la tano. Niliyoyajua baada ya hapo niliyapata kwenye magazeti tuliyotandikia rafu, na kwenye kamusi moja ambayo herufi A ilikuwa imeliwa na mchwa. Faili zangu zilipelekwa kuchanwachanwa miaka mingi kabla ya zamu ya Fundi kufika. Nikapewa saa ya ukutani na watu wakanipigia makofi. Lakini pale sikukoma kwenda. Mdogo wangu alipofariki, mke wangu aliona si haki mumewe ashinde na njaa, akawa anampikia, nami nikawa mpeleka chakula. Kila siku ya kazi, saa saba kasoro robo, askari wa getini alinifungulia.

"Masjala, leo umebeba nini?"

"Faili la siri. Halikuhusu."

Huyo mdogo wangu alikuwa opereta wa simu, chini kwenye mapokezi. Mumewe yuko ghorofa ya tatu anasikiliza feni, na mtu anayesikiliza feni husahau tumbo. Barua pepe zilipoanza, mdogo wangu akapata njia. Kila siku inapokaribia saa saba alimwandikia mstari mmoja au miwili. "Kula. Kile chombo cha kijani kiko chini ya meza yako." "Mkurugenzi ameingia na soksi za rangi mbili. Ukikutana naye usicheke." "Huku chini mvua inanyesha. Huko juu je?" "Hujajibu. Umenuna au umeshiba?" Miaka kumi na tano ya maneno ya namna hiyo. Hakuna hata moja ambalo ungelipeleka gazetini.

Yeye mwenyewe Fundi hakubaki nazo. Diski za wakati ule zilikuwa ndogo, akawa anawahimiza watu wafute barua walizokwisha kusoma, na ili awe mfano alifuta sanduku lake lote kila Ijumaa jioni. Nakala zikabaki upande wa mkewe tu, kwenye barua alizotuma.

Mdogo wangu aliugua Jumatatu, tukamzika Alhamisi. Miaka saba sasa. Kampuni ilikuwa na amri: mfanyakazi akiondoka, kwa kuacha kazi au kwa kufa, sanduku lake la barua lifutwe baada ya siku thelathini. Fundi alikuwa ametekeleza amri hiyo kwa watu wote bila upendeleo. Siku ya ishirini na tisa alikaa mbele ya Kurwa, akafuta jina la mkewe juu ya sanduku, akaandika: Kopi Ghorofa ya Pili.

Mashine za kopi zilikuwa na masanduku yao, maana zilikuwa zikipiga karatasi picha na kuituma moja kwa moja. Ilikuwapo ya ghorofa ya kwanza na ya tatu. Nani angeuliza kwa nini ya pili nayo ina sanduku? Tangu siku hiyo, kila saa saba alilifungua, akasoma barua moja, akala. Mimi nilikaa kwenye kiti cha wageni nikisubiri chombo. Mwaka mzima nilidhani anasoma maelekezo ya mashine.

Aliponiambia, nilimuuliza kwa nini asizinakili akaenda nazo nyumbani.

"Zimeandikwa kwa mashine ya kampuni, saa za kampuni," akasema. "Nikizibeba ni mwizi."

"Na kuzificha si wizi?"

"Kuficha ni kuficha, shemeji. Bado zimo ndani ya jengo."

Basi mwaka jana ukatoka uamuzi kwamba Kurwa na Doto wazimwe. Kampuni imekodi sehemu katika jengo lililo mji mwingine, na huko barua zitakaa katika kile wanachokiita wingu binafsi. Nilitaka kujua ni kitu gani, nikaelezwa, na kwa haki yao nitaeleza nilivyoelewa. Kuna mashine chache kubwa sana. Ndani ya kila moja wanaishi seva wengi wasio na mwili, kama wapangaji katika nyumba moja, na kila mmoja anajiona ana nyumba yake. Chumba kikipata hitilafu, mpangaji anahamishiwa kingine bila kuamshwa. Ni binafsi kwa sababu wapangaji wote ni wa kampuni moja.

Aliyekuja kuifanya kazi hiyo alikuwa binti wa kampuni ya uhamishaji, mwembamba, begi mgongoni, mafua yasiyokwisha kwa sababu ya kile kipoza hewa. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akasoma kibao mpaka mwisho kabla ya kuingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huko kwenu feni anazisikiliza nani?"

"Hakuna haja, baba. Ikipata joto, inahama yenyewe."

"Heri yake," akasema Fundi.

Walifanya kazi pamoja wiki tatu, na sikuwasikia wakikwaruzana. Nilitamani awe na kiburi nimchukie. Alimuuliza Fundi mambo, akayaandika.

Kilichotuletea shida ni orodha. Kila sanduku la kuhamishwa lilitakiwa lipate mtu hai wa kutia sahihi kwamba ni lake. Lisilo na sahihi linabaki kwenye mashine za zamani, na mashine za zamani zinaharibiwa. Asiyekuwepo na lake halipo. Masanduku ya mashine yalipewa afisa ugavi, naye akapitisha kalamu haraka haraka, maana ni mtu wa vikao. Kwenye mstari wa Kopi Ghorofa ya Pili akaandika: "Iliuzwa miaka miwili iliyopita. Ifutwe." Na kweli mashine iliuzwa, niliiona ikiteremshwa ngazi. Fundi peke yake hakuwa amekumbuka kwamba jina alilomfichia mkewe lilikuwa jina la kitu kinachoweza kuuzwa.

Zilibaki siku tatu. Alinionyesha karatasi nikiwa bado nimeshika chombo.

"Mficha uchi hazai, shemeji," nikamwambia. "Mwambie yule binti."

"Nimwambie nini? Kwamba nimemfuga mke wangu ndani ya mashine ya kopi?"

"Wewe mwambie. Akicheka, tutacheka wote."

Siku hiyo hakula. Kesho yake hakula. Ijumaa nilipoingia nilimkuta binti ameinamia kompyuta yake, Fundi amesimama nyuma, mikono mgongoni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Baba, nilitaka kukuuliza mimi," binti alikuwa akisema. "Mashine ya kopi hutuma picha. Hii imetuma maneno. Barua elfu tatu mia moja na kumi na mbili. Nilidhani kuna mtu alikuwa anafanya mzaha."

"Alikuwa anafanya mzaha, ndiyo," Fundi akasema. "Ni mke wangu."

Akamweleza kwa kifupi, kama anavyoeleza hitilafu. Binti alifungua barua moja, akaisoma, akaifunga. Akapenga kamasi, alikuwa na mafua, lakini wote tulijua.

"Nikutilie kwenye flashi, baba? Ni dakika mbili. Uende nazo nyumbani."

Nilimtazama shemeji yangu. Naye alitazama kibao chake juu ya mlango, ambacho kwa ndani hakisomeki.

"Kitu cha ofisi hulala ofisini," akasema.

"Baba."

"Miaka yote nimewaambia wenzangu hivyo."

Binti alinigeukia mimi, labda nimsaidie. Ningemwambia nini? Mimi mwenyewe niliacha faili zangu zichanwe, na kalamu ya ofisi nikairudisha.

"Basi nitalihamisha kama lilivyo," binti akasema. "Nitaandika mashine bado inatumika. Wewe mpaka siku yako ya mwisho utalifungua kama kawaida."

Maneno "siku yako ya mwisho" yalipita pale mezani na hakuna aliyeyashika.

Lilihamishwa Jumamosi. Jumatatu saa saba Fundi akalifungua likiwa huko liliko, akasoma, akafungua chombo chake, akala mpaka chini. "Hata tarehe hazikuteguka," akaniambia. Wiki ile ilimbidi aharibu diski za zamani, amri ikisema zitobolewe. Nilimshikia kipande cha ubao, naye akazitoboa kwa keekee ya umeme, diski nane, nne za Kurwa na nne za Doto, matundu matatu kila moja. Baada ya kila tundu alipuliza vumbi taratibu, kama mtu anayempuliza mtoto jichoni.

Pasipo na seva hapana mtunza seva. Barua ya kumstaafisha ilimfikia kupitia lile lile wingu, na ilisema mwisho wa mwezi. Yeye alielewa ni mwisho wa saa za kazi. Wingu lilielewa ni saa sita mchana. Siku hiyo alikuwa amechagua barua atakayoisoma saa saba, ya mwisho. Hakuniambia ni ipi. Nilipofika na chakula nilimkuta kioo kinamuuliza neno la siri, analiandika, kinalikataa, analiandika tena polepole kwa kidole kimoja.

Akapiga simu dawati la msaada, akaiweka sauti ya nje.

"Akaunti yako imefungwa, mzee. Umestaafu. Hongera."

"Asante. Kuna sanduku jingine nilikuwa nalifungua. Kopi Ghorofa ya Pili."

Vidole vikasikika vikigonga. "Lipo. Ila anayeomba kufunguliwa ni mwenye sanduku."

"Mwenye sanduku ni mashine ya kopi."

"Basi mashine ndiyo itume ombi." Halafu kijana akajisikia vibaya. "Sikutanii, mzee. Ndivyo fomu ilivyo. Kuna sehemu ya jina la mtumiaji."

"Na yule binti wa uhamishaji?"

"Mkataba wao umekwisha."

"Haya, mwanangu. Kazi njema."

Nikamwambia aende kwa meneja, aseme yote, bado ni saa saba tu.

"Nikisema, watalifungua," akanijibu. "Wakilifungua wataona si kopi, na amri ya siku thelathini ipo. Watalifuta. Likikaa limefungwa, linakaa."

Kuhusu ile flashi sikusema neno. Yapo maneno ambayo hata shemeji hamwambii shemejiye. Nilimwekea chombo mezani, naye akakichukua, akazima taa ya chumba, akateremka nacho.

Siku tatu baadaye alihamia kwa dada yake, safari ya siku mbili, na magoti yangu hayakubali tena safari. Kwa hiyo ile saa saba ndiyo mara ya mwisho nilipowaona wote watatu. Kurwa na Doto walikuwa wamewekwa uani, ukutani, kati ya viti vilivyovunjika, wakingoja gari la chuma chakavu. Fundi aligeuza kreti, akaketi katikati yao, akafungua chombo cha kijani akala. Alikula chote. Kisha akafuta kifuniko cha Doto kwa mkono wa shati, akanyanyuka, akaja getini.

"Fundi, chukua hata kifuniko kimoja cha ukumbusho," askari akamwambia. "Si skrepa tu hizi?"

Fundi akatoa mifuko yake nje, kama alivyofanya kila jioni tangu siku ile aliyorudi kazini kwenye mvua, hata kama hakuombwa. Ikaanguka bisibisi. Akaiokota, akarudi nayo uani, akaiweka juu ya Kurwa.