Madaktari Hawajui Kwamba Mzee Wangu Alikataa Kuamka

Mwenye ukurasa, jina yangu usiweke, na ya mzee usiweke. Hapa Gakindu watu wanasoma gazeti hata ile imefungiwa nyama.

Mimi ni mama mzee. Miaka sijui vizuri, lakini wakati ya Imajensi, ile vita ya Mau Mau na mkoloni, nilikuwa nimeshaolewa. Kusoma sikusoma. Mwenye kuandika hii ni mke wa mchungaji, na nimemwambia aandike vile nasema, asinirekebishe. Niko na woga.

Mzee, yaani bwana yangu, alianza kushikwa na tumbo tukichuma kahawa. Analia, na huyo ni mtu hakulia hata akizika mama yake. Tukapelekwa ile hospitali kubwa inafundisha madaktari. Wakampiga picha, wakasema nyongo iko na mawe, lazima apasuliwe.

Sasa sikieni vile huko inaendeshwa. Mimi nilizoea daktari ni mtu mmoja, anakujua mpaka mbuzi zako. Huko kuna mkubwa, anatembea na kundi nyuma yake kama bata na watoto. Kuna wa katikati. Kuna mdogo, huyo ndiye anashinda hapo wodi. Halafu wanafunzi, ngai, ni kama siafu! Na kitanda ya jirani iko na kundi ingine kabisa. Nikafikiri ni kama hii vyama vingi ya siku hizi. Nikauliza sista, "Mwenye mgonjwa wangu ni nani?" Akacheka. "Cucu," hiyo ni nyanya kwa Kikuyu, "hapa mgonjwa ni wa wodi." Nikaona mzee wangu amekuwa kama ng'ombe haina mwenyewe.

Wa kwanza kuuliza habari alikuwa mwanafunzi msichana, rika ya mjukuu wetu, anamwita guka, yaani babu. "Guka, umewahi kupasuliwa?" Mzee akasema, "Hapana."

Nikashtuka. Alipasuliwa! Ilikuwa ngiri, hiyo ya huko chini kwa wanaume, wakati alikuwa akifanya kazi ya majani chai upande wa Kianyaga. Walimdunga dawa ya usingizi, akakataa kuamka. Midomo ikageuka rangi. Niliitwa nimuone nikijua ameenda. Alirudi, Mungu ni mwema, na daktari akanishika mkono akasema, "Mama, mahali popote atapasuliwa tena, hii maneno uiseme kwanza." Lakini mzee ataje ngiri mbele ya mtoto msichana? Hawezi. Na mimi nimtoe mwongo mbele ya watu? Nikajifanya napanga blanketi.

Akaja mwingine, akaona kovu ya hiyo ngiri, akauliza, "Na hii alama?" Mzee akasema ni waya ya seng'enge, ati ilimkata akitoroka wakati ya Imajensi. Yaani hiyo hadithi walivyoipenda! Kesho yake mkubwa mwenyewe alileta wageni. "Mzee, hebu waambie hawa ile ya waya." Mzee akaongeza mbwa. Siku ingine mbwa wakawa wawili. Hata mimi nilicheka, nisidanganye.

Na kila mmoja alikuwa akiuliza yale yale, kutoka mwanzo. Nikamwambia mzee polepole, tuseme ukweli. Akanijibu, "Wewe umesahau homugadi, wale askari wa mkoloni? Walikuwa wakiuliza hivi hivi, mara ingi, waone kama utabadilisha. Ukibadilisha, umeisha. Shika ile moja."

Yule daktari mdogo alikuwa msichana mzuri, ananiita cucu, ananitafutia kiti. Nikasema huyu ndiye nitamwambia. Nilimpata kwa mlango, amebeba mkoba. "Cucu, kwaheri. Kesho naenda wodi ya watoto. Mwezi ikiisha tunabadilishwa wote." Nikamuuliza, "Na mzee wangu?" Akasema, "Usijali, wenye wanaingia nimewaambia kila kitu."

Kila kitu! Yaani amewaambia ya waya na mbwa. Nikafungua mdomo, akaitwa na mkubwa, akakimbia.

Wapya wakaingia, wakauliza tena, wakapewa waya tena. Halafu wakasema laini ya kupasuliwa ni refu, maumivu imetulia, twende nyumbani turudi baada ya Pasaka. Nikauliza, "Na mwenye kudunga dawa ya usingizi ni nani kati yenu?" Wakasema huyo si wa wodi, ni mwingine, atamuona akikaribia kupasuliwa. Mwingine tena! Na hao wenyewe, tukirudi watakuwa wamebadilishwa.

Hapa nyumbani nimemwomba mzee, nimepiga magoti. Akasema, "Siku utanitoa mwongo mbele ya wale watoto, nitavaa koti yangu nirudi Gakindu. Afadhali nyongo." Na wametuambia hiyo nyongo ikipasuka yenyewe, hatutafika hospitali.

Mtasema nimwambie daktari mmoja kwa siri. Lakini huko hakuna siri! Asubuhi wanasimama wote kwa kitanda, wanasema yote kwa Kizungu, halafu mwanafunzi mmoja anageuka na Kiswahili, "Guka, cucu amesema ulikuwa na ngiri?" Hapo koti imevaliwa.

Sasa mzee akisinzia kidogo baada ya kula githeri, naenda kuweka mkono karibu na pua yake, nione kama anapumua. Jana alifungua macho akanipata hapo. Akaniuliza, "Unatafuta nini?" Nikasema nzi.

Nikinyamaza, atadungwa na mtu hajui, na huenda asirudi. Nikisema, atatoka huko na miguu yake, nyongo immalize. Nyinyi mnasoma, hata mnafanya kazi hospitali, niambieni. Kati ya hao wote niende kwa nani, nimwambie namna gani mzee asijue ni mimi? Sasa hivi ananiita hapo nje, ati tunaandika nini mbona hatumalizi. Nimemwambia ni mambo ya kanisa. Nishaurini, Pasaka imekaribia.