Siku Kapita Alipotoka

Nyumba za mtaa wa Muhungu zimejengwa mteremkoni, na mtu akitaka kufuga mbwa huko lazima kwanza agombane na mlima. Uzio unaouona mrefu ukiwa chini huwa mfupi kabisa kwa aliye juu. Kapita, mbwa wa papa Léopold, aliligundua hilo akiwa bado mdogo. Alipanda kwenye tuta la juu la mboga za lengalenga, akaruka, akaenda zake kuwatembelea majirani.

Mzee hakukasirika. Kwa miaka thelathini alikuwa intendant wa sekondari moja kule Miti, mtunza funguo za stoo, bweni na jiko, na hakuna asubuhi hata moja stoo yake ilikutwa wazi. Mbwa mmoja angemshinda vipi? Alipandisha uzio wa mbao upande wa juu, akapanga mawe chini yake ili Kapita asichimbe, kisha akatengeneza mlango mdogo wa kutokea barabarani, unaofungwa kwa kitanzi cha waya kwenye nguzo. Kila mtu akipita, mzee alikwenda kukigusa kile kitanzi kwa kidole ndipo arudi kukaa. Tangu hapo Kapita hakutoka tena.

Aliyechoka alikuwa Yolande, mke wa mwanawe. Mumewe Venant alikuwa kazini Kalemie kwa miezi, na yeye aliachiwa nyumba, mtoto, mkwe na mbwa, juu ya kazi yake ya ofisini. Na mbwa aliyefungiwa hukosa pa kumalizia nguvu zake. Kapita alifukua lengalenga mara tatu. Alitafuna kandambili zote za nyumbani, tena za mguu wa kushoto tu, sijui kwa nini.

Jumanne moja Yolande alikuwa amevalia nguo ya mkutano, mbwa akamrukia kwa furaha na kumpaka matope hadi kifuani. Hakupiga kelele. Alirudi ndani, akabadili nguo, na alipofika mlangoni, mzee akiwa bado chumbani, akakiacha kitanzi kikining'inia. Tusimtetee, hakusahau. Alikitazama, akakiacha, akasema moyoni: aende basi. Kisha akapanda pikipiki kwenda kazini, na kutwa nzima alijisikia mwepesi.

Aliporudi alasiri alimkuta papa Léopold amekaa kwenye ngazi, viatu vimejaa udongo.

"Imbwa imetoka," mzee alisema. "Nilizunguka mpaka kwa jirani Delphine, haiko. Njo mimi nilisahau kufunga. Asubui nilitoka kutupa takataka."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Yolande alifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Pole, papa. Itarudia."

Na kweli alirudi. Siku ya tatu Delphine, jirani wa chini, alimleta Kapita kwa kamba, anachechemea, sikio limepasuka kidogo. Yolande alimshukuru Mungu kwa sauti, akadhani jambo limekwisha, na kosa lake litazikwa bila mtu kujua.

Lakini jioni ile mzee, baada ya kumwosha mbwa, aliingia jikoni na kuweka funguo zote za nyumba mezani.

"Maman Ariane, shika," alisema, akimwita Yolande kwa jina la mjukuu kama kawaida. "Leo ni imbwa, kesho nitaacha mbabula ya makaa inawaka na nyumba itaungua. Kichwa yangu imeanza kwenda."

Kuanzia hapo mtu yule akaanza kujitilia shaka kwa kila kitu. Aliuliza kama amekunywa dawa, kumbe kikombe bado kiko mkononi. Akianza hadithi ya Miti alikatiza katikati, akataka kujua kama ameshaisimulia. Alikuwa hajaisimulia. Yolande alijibu kila swali akitazama pembeni.

Venant akasikia kwa baba yake mwenyewe, akampigia mkewe simu.

"Papa asitoke tena yeye peke, hata kwenda misa," alisema. "Kama anasahau mulango, atasahau hata njia."

Yolande akasema sawa. Alikata simu, akajichukia vibaya sana.

Jumapili iliyofuata mzee alikuwa tayari mapema, koti limepigwa pasi, amekaa ngazini akimngoja wa kumsindikiza. Miaka yote alikuwa akishuka kanisani peke yake, akisalimiana na watu njia nzima. Sasa alikaa mikono magotini kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Yolande alitoka amevaa, akamwona, akashindwa kuendelea. Akaketi kando yake.

"Papa, haukusahau kitu. Ile siku njo mimi niliacha mulango wazi. Nilifanya makusudi. Imbwa ilinichafulia nguo, nikakasirika."

Mzee alimgeukia. Yolande alingoja hasira, na kwa kweli aliitamani. Badala yake uso wa mzee ukalegea, akamshika mkono na kuupapasa.

"Asante, mutoto yangu. Venant alioa muzuri. Mutu mwingine hangekubali kubeba kosa ya muzee."

"Papa, ni kweli. Niliona iko wazi na macho yangu, nikaenda."

"Najua, najua," mzee alisema kwa upole, kwa namna ya kumtuliza. "Hata mimi nilikuwa nadanganya mama yangu hivi, wakati alianza kupoteza kichwa."

Mzee aliinuka taratibu, akanyoosha koti, akamkagua mkwewe kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, na wasiwasi ukamrudia usoni.

"Leo ni dimanche ya misa kweli," aliuliza, "ama umevaa tu juu ya kunifurahisha?"