Wanaotajwa Gazetini Mtu Akifa

Mama yangu hakuwa na albamu ya picha. Alikuwa na kitabu kikubwa cha nyimbo za misa, na katikati ya kurasa zake aliweka matangazo ya vifo aliyoyakata kwenye gazeti la mjini kwetu Goma. Gazeti lilikuwa la kurasa chache, nusu Kifaransa, nusu Kiswahili, na wino wake ulichafua vidole. Siasa za ukurasa wa kwanza aliwaachia wanaume. Yeye alianzia nyuma, akasoma nani amefariki, kisha akaomba wembe. Ukoo wetu ulitoka Butembo na Beni, ukatawanywa na biashara hadi Kisangani na Kampala, na kwa mama ukurasa ule wa nyuma ndio uliomjulisha watu wake wako wapi.

Alipofariki yeye mwenyewe, kitabu kikaja kwangu, na pamoja nacho kazi. Kijana wa kwetu akitaka kuoa, wazee walimwambia aende kwanza kwa shangazi wa mtaa wa Katoyi, aangalie kama huyo binti si damu yake. Shangazi wa Katoyi ndiye mimi. Nilitandaza karatasi mezani na kufuata majina. Tangazo la kifo, ukilijua, linasema mambo mengi kuliko aliyeliandika alivyokusudia. Watoto hutajwa kwa kuzaliwa, mkubwa kwanza. Baada yao wakwe, kisha wajukuu, kisha ndugu kwa miji wanayoishi. Ukiona mji umebadilika kutoka tangazo moja hadi jingine, ujue mtu amehama, au amekimbia. Na kila mtu hupandishwa cheo siku ya msiba. Mjomba aliyeuza chumvi kwa kikombe sokoni Birere ameandikwa humo kuwa operateri ekonomiki, yaani mfanyabiashara mkubwa, na sote tulisoma bila kucheka.

Nilijivuna kwa kazi ile. Watu walinisifu kwamba nina ukoo mzima kichwani, nami sikuwakatalia. Lakini hata wakati ule nilijua karatasi zile zina mashimo. Mwaka wakimbizi walipoingia kutoka ng'ambo ya mpaka, watu wengi kuliko majani, na kipindupindu kikawaangusha kando ya barabara wakafungwa kwenye mikeka, gazeti halikutoa tangazo hata moja la hao. Hawakuwa na mtu wa kupeleka majina yao. Msomaji wa kesho akishika kitabu cha mama atadhani mwaka ule Goma watu walikuwa na afya njema.

Shimo lililotuhusu sisi lilikuwa la mtu mmoja, na mtu huyo yuko hai.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe, akipanda malori kutoka Butembo kupitia Kanyabayonga na Rutshuru. Kabla hajamwoa mama alizaa mtoto wa kike na mwanamke aliyefika Goma na wakimbizi wa zamani kutoka ng'ambo, wale wa kabla hatujazaliwa. Mwanamke yule alifariki mapema, na mama yangu akamlea mtoto pamoja na sisi sita aliotuzaa. Kwa hiyo tulikuwa saba, naye ndiye mkubwa. Tulimwita yaya, yaani dada mkubwa. Alinibeba mgongoni hadi mgongo wake ukawa na harufu ya mkojo wangu, na hiyo siisimulii kwa sababu nimeambiwa. Naikumbuka, kwa maana nilibebwa hadi nikawa mkubwa wa kuonewa aibu. Akaolewa na mwalimu wa Gisenyi, akahamia huko. Kutoka Birere hadi kwake ni kuvuka barieri ndogo ya mpakani na kutembea. Ukisimama mahali pazuri unaziona nguo za watu wa kule zimeanikwa.

Kwenye tangazo la kifo cha bibi, mama yake baba, yaya yumo. Ni wa kwanza kati ya wajukuu, jina lake limeandikwa kamili, na mji wake pia.

Kisha vita vikaja. Mdogo wake baba akafariki katika miezi ile mibaya, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na Kifaransa cha masista, nikakalishwa mezani niandike. Baba alitaja majina huku akitembeatembea. Nilipoandika la yaya akaja akasimama nyuma yangu.

“Huyo umuruke,” alisema. “Vita ikiisha tutamurudisha.”

Sikuhitaji kuuliza. Siku zile watu walisoma gazeti kwa macho mengine. Jina la kule, mji wa kule, na kesho yake jirani angemnong'oneza askari wa kambi ya Katindo kwamba nyumba fulani ina watu wake ng'ambo. Watu walitolewa majumbani kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nilichora mstari juu ya jina la dada yangu, na nilidhani tunamlinda. Labda siku ile tulikuwa tunamlinda kweli, au tulijilinda sisi na yeye akaachwa nje kwenye baridi. Hadi leo siwezi kupambanua.

Miaka ikapita, mama akafariki. Vita vilikuwa vimetulia, watu wakivuka kwenda Gisenyi kununua maziwa na kurudi kwa chakula cha mchana. Nikamkumbusha baba ahadi yake. Akasema bado. Sikumwuliza bado nini. Juma lile lile mpaka ukafungwa kwa ugomvi wa wakubwa, yaya hakuweza kuja kumzika mama aliyemlea, na sisi tukajifariji kwamba hata tungemtaja isingesaidia kitu. Tangazo la mama liko mbele yangu ninapoandika. Lina watoto sita. Hakuna aliyetutisha siku ile. Tulikuwa tumezoea tu, na mazoea yana taabu, hujenga tabia.

Basi akafika baba. Alifariki kitandani, mzee wa kushiba siku, wakati vita vimerudi upande wa Rutshuru na wakimbizi wamejaa tena Kanyaruchinya chini ya mahema. Tulitandaza bashi, lile turubai la kivuli, uani, tukaomba viti parokiani, wanawake wakaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Yaya alinipigia simu akilia. Aliuliza kama tangazo litatoka gazetini, nikamwambia litatoka. Aliuliza mazishi ni lini, nikamwambia. Swali la tatu hakuliuliza, nami sikumsaidia kuliuliza.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu ataona tuligombania wino. Makaburini, padri akimaliza, msimamizi wa msiba hulifungua gazeti na kusoma majina ya watoto jinsi yalivyoandikwa. Anayeitwa anakwenda kutupa udongo, mkubwa kwanza. Asiyeandikwa haitwi, na asiyeitwa hatupi. Kwa hiyo tulipokaa chumbani kuandika tangazo, kila mmoja alijua tunachokata. Ama yaya atamzika baba yake kama kifungua mimba, ama atasimama pembeni na majirani.

Nilikwenda tayari. Nilichukua kitabu cha mama, nikaweka tangazo la bibi katikati ya meza, nikaweka kidole kwenye jina lake. Nikasema maneno makali. Nina mdomo, wote wananijua. Niliwaambia kwamba baba aliahidi kumrudisha, ameondoka na deni hilo, na sisi tuliobaki ndio walipaji.

Kaka yangu, anayefuata baada ya yaya, hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, ningemshinda. Mwanawe alikuwa jeshini, upande ule ule wa Rutshuru, na wenzake walikuwa wameanza kumtania kwa urefu wa pua yake, kana kwamba ni mtu wa ng'ambo.

“Minajua ni yaya yetu,” alisema. “Batu bote banajua. Lakini gazeti inasomwa na bale benye habatujue.”

Shangazi yetu mzee, dada yake baba, aliangalia mkeka. Ndipo kaka akaanza kupekua karatasi zangu, moja moja, kwa adabu, akawa anasoma. Akafika kwenye tangazo la mtu wa Beni, mtu wa mbali, ambalo mwishoni lilikuwa na maneno haya: na ndugu wengine walio nje ya nchi. Akayasoma mara mbili. Akasema tuyaweke hayo. Yaya atakuwemo, na hatakuwemo. Mungu atajua ni nani, na askari hatajua.

Nilipaswa kuipindua meza ile. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na haki, nilikuwa na tangazo la bibi chini ya kidole. Badala yake nilisikia mabega yangu yanashuka. Nilipumua. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo: si kwamba nilishindwa, ila kwamba nilipopata mahali pa kushindwa kwa heshima niliona raha. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nikaandika. Shangazi akasema funika kombe mwanaharamu apite, kisha akakumbuka tunamzungumzia nani, akajiziba mdomo kwa kitenge.

Yaya alivuka asubuhi ya mazishi. Alikuwa amenenepa kidogo na kuzeeka sana. Wanawake wa mtaani walimpisha kwenye mkeka, wakampa chai, na wajukuu wetu waliponiuliza huyo mama ni nani niliwaambia wamsalimie bibi yao. Walimsalimia vizuri. Walidhani ni bibi kama mabibi wote.

Makaburini udongo wetu ni mweusi, umejaa mawe ya volkano, na sauti yake kwenye jeneza si ya kusahau. Padri alipomaliza nilimwona yaya akiinama kabla ya watu wote na kuchota udongo mkono mmoja. Alichota kama mtu anayejua ataitwa wa kwanza. Msimamizi akafungua gazeti na kumwita kaka. Kaka akaenda. Akaitwa wa pili, nikaitwa mimi, nikapita mbele yake na sikumwangalia. Waliitwa wote sita. Msimamizi, ambaye hakujua lolote, akasoma hadi mwisho kwa sauti yake nzuri ya kanisani, na ndugu wengine walio nje ya nchi, akalikunja gazeti. Yaya alibaki na udongo wake. Baadaye niliona ameufuta kwenye kitenge, ubavuni, mahali pasipoonekana sana.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Sisi tuliosha jina la baba likang'aa gazetini, na uchafu tukabaki nao mikononi.

Uani, watu walipokuwa wanakula, nilijificha jikoni kwa kisingizio cha sahani. Alinifuata huko. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na kusema kweli nilitamani anitukane, tulie, yaishe. Alisimama mlangoni akisubiri nimalize kusuuza. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi:

“Mudogo yangu, unipe gazeti moja. Bajukuu bangu banauliza kila siku muzee yangu alikuwa mutu gani. Nataka nibasomee.”

Magazeti yalikuwa rundo zima juu ya kabati, tuliyanunua ya kugawa. Nilimpa la juu. Aliketi kwenye gunia la mkaa, akatoa miwani mkobani, akaanza kusoma kutoka juu, midomo ikitembea. Alisoma jina la baba na mahali alipozaliwa. Akatabasamu alipokuta baba naye amekuwa operateri ekonomiki. Akasoma jina la kaka, akasoma langu, akasoma wote sita, akiwaendea taratibu kama anawahesabu kabla ya kuwafungia mlango, jinsi alivyotufanyia tukiwa wadogo. Akasoma wakwe. Akasoma wajukuu, hata wale asiowahi kuwaona. Kisha kidole chake kikafika mstari wa mwisho, kikasimama. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha sahani, na sikuwa na mahali pa kukiweka.

“Ni hapa njo niko?” aliuliza.

Nikamwambia ndiyo, yaya.

Akakunja kona ya ukurasa kwa ukucha ili mahali pasipotee.

“Basi,” alisema, “nitabaonyesha hapa.”